Baba Mkwe Dirishani

Miaka ya mwanzo ya ndoa yangu niliimaliza nikikimbia. Sikuwa namkimbia mume, huyo nilimpenda mpaka watu wakanicheka. Nilikuwa namkimbia baba yake. Nikimwona kwa mbali anateremka barabara ya sokoni na kofia yake ya kaki, navuta khanga juu ya kichwa, nageuka, naingia popote palipo wazi. Niliwahi kuingia kwenye bucha. Niliwahi kuingia kwa fundi cherehani wakati mteja anapimwa kiuno cha suruali. Siku moja niliruka ndani ya mtaro uliokuwa unachimbwa na vibarua, nao wakanisogezea nafasi bila kuuliza kitu, maana walikuwa Wanyakyusa na walijua vizuri ninachokimbia.

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Kwetu wakwe wanaheshimiwa sana, lakini unaweza kumheshimu mtu huku umemwona. Mume wangu ni Mnyakyusa, na kwao miaka ile ya hamsini mke wa mwana hakumtazama baba mkwe usoni, hakukaa naye chumba kimoja, hakusema naye, wala hakupokezana naye kitu mkono kwa mkono. Baba mkwe naye alimkwepa vilevile. Mara ya kwanza aliponiona njiani akageuka na kurudi alikotoka, nilikwenda nyumbani nikalia nikidhani sura yangu imemchukiza. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi, akanieleza kwamba siku hiyo nimepewa heshima kubwa na nisiichezee.

Wakristo wengi walikuwa wameanza kulegeza desturi hiyo. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, na mwenyewe alishasimama mbele ya watu akataja mila za kuachwa. Hiyo hakuitaja. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria mbili zikigongana yeye hakujua kabisa kuipindisha hata moja. Hapo ndipo mkasa wangu ulipoanzia.

Kazi yake ilikuwa kupima vitu vya umeme. Mbeya wakati huo ilikuwa na umeme mitaa michache: kwa Wazungu, madukani kwa Wahindi, hospitali, na kota za wafanyakazi wa kampuni ya umeme ambako sisi tuliishi, kwa kuwa mume wangu alikuwa karani pale. Kampuni ilikataza mtu kuchomeka kitu chochote kwenye soketi yake kabla hakijapimwa na kufungwa kibati cha madini ya risasi, kinachobanwa kwa koleo la muhuri. Pasi, birika, redio, kila kitu. Ukikamatwa unatumia kifaa kisicho na kibati, nyumba yako inakatiwa umeme, na ukiwa mfanyakazi unahamishwa kota. Mhandisi Mzungu alikaa Iringa na kuja Mbeya barabara ikikauka, kwa hiyo vifaa vidogo vyote viliachiwa baba mkwe wangu.

Yeye akaongeza sharti lake mwenyewe. Alikuwa na kisanduku cheusi chenye mpini, anakizungusha kama anasaga kahawa, sindano inacheza, na kwa hicho alijua kama umeme unavuja. Kwa wapimaji wengine kazi ingeishia hapo. Yeye alisema kifaa ni nusu tu, nusu nyingine ni mkono wa mtu. Kwa hiyo kila mwenye kifaa ilimbidi akiwashe mwenyewe mbele ya macho yake, akitumie kama anavyokitumia nyumbani, akizime, ndipo apewe kibati. Meneja wa hoteli, Mzungu mzima, alipiga pasi shati lake mwenyewe pale karakana huku jasho linamtoka. Mwenye duka mmoja wa Kihindi alichemsha maji ya chai kwa birika jipya, akachomoa plagi kwa kuvuta waya, akaambiwa arudi wiki ijayo akiwa amejifunza. Alirudi. Akachemsha tena, akachomoa vizuri, na baba mkwe akakubali kunywa kikombe kimoja.

Watu walimsema, lakini hakuna aliyepona kwake, na mimi nilipenda kusikia visa hivyo kuliko kitu chochote. Nilivisikia kutoka kwa mama mkwe, aliyeviigiza vyote, pamoja na meneja.

Sasa nije kwangu. Shangazi yangu kule Iringa alifanya kazi kwenye shamba la mlowezi aliyefuga kuku weupe, wale wa kutaga kila siku bila kuchoka. Mlowezi alikuwa na sanduku la kutotolea vifaranga lenye taa ndani, na mimi nilipokuwa msichana nilikuwa namsaidia shangazi kugeuza mayai. Nililijua lile sanduku kama ninavyolijua jiko langu. Nilipoona kota yetu ina soketi ukutani, jambo moja tu lilinijia, na halikutoka tena. Nilimweleza mume wangu. Akasema kwamba aliambiwa kuoa Iringa ni kuoa mtu mwenye hasira, hakuna aliyemwambia kuhusu kuku.

Nilitengeneza kwa boksi la chai, lile la mbao nyembamba. Dukani nilipata vishikio vya globu, waya wa kufumwa kwa nyuzi, na plagi. Chini nikaweka sinia la bati lililokatwa kwenye debe, la kutilia maji ili hewa isikauke. Seremala jirani alinipigia mlango wa kuteleza. Lilikuwa zuri, nasema bila haya. Jirani wote walikuja kuliangalia na kunicheka. Mke wa dereva alisema kuku atakayezaliwa humo atawika kwa Kiingereza. Moyoni niliapa watameza maneno yao.

Shangazi akatuma mayai kwenye kapu la pumba, yakasafiri kwa basi kutoka Iringa, yakapita Chimala na makorongo yake, yakafika mazima. Mara ya kwanza nilijaribu kwa kandili, kwa sababu kibati sikuwa nacho. Kandili lilichemsha mayai ya upande mmoja na kuyaacha ya upande wa pili baridi kabisa, tukala yaliyoiva. Shangazi akatuma mengine. Safari hii aliniagiza maneno: mlowezi anauza shamba, kuku wanapelekwa mbali, hayo ni mayai ya mwisho. Nikiyaua, basi tena.

Nikayaweka kwa kuku wa kuazima. Mama mmoja wa kota ya pili alikuwa na matetea wawili wanaoatamia, akanigawia kwa roho nzuri, nami nikapata muda wa kutafuta kibati.

Mume wangu akaenda kwa baba yake. Aliporudi alikuwa amekunja uso. Alieleza kwamba alianza kwa ujanja: alisema sanduku ni lake, atalitumia yeye. Baba yake akamuuliza kama ndiye atakayekuwa anageuza mayai mchana akiwa ofisini. Mume wangu si mtu wa kumdanganya mzee wa kanisa, hasa akiwa ni baba yake; akakiri kwamba hapana. Ikabaki kwamba mtumiaji ni mimi. Na mtumiaji lazima aonekane akiwasha. Na mimi siwezi kuonekana.

Nilicheka kwanza. Kisha nikaona kwamba hakuna anayecheka pamoja nami. Mama mkwe alituambia mzee amepoteza hamu ya kula, anakaa na sahani yake anaangalia ukuta, mara anasema sheria ya kampuni, mara anasema mila, halafu anasukuma ugali pembeni. Nilimwonea huruma, na wakati huohuo nilitamani kumpiga kwa mwiko. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika moyo mmoja bila shida yoyote, muulizeni aliyeolewa.

Siku zikaenda. Mayai yakakaribia kuanguliwa. Nikiyaweka sikioni nilisikia kitu kinagota ndani, na furaha ilinipanda mpaka nikawa naimba nikiteka maji. Halafu Jumamosi moja ya Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imeshika sawasawa, lori likasimama kota ya pili. Mume wa yule mama amehamishiwa Chunya. Wanaondoka saa hiyohiyo. Alikuja kwangu analia, amekumbatia matetea wake wawili kwapani, akasema nimsamehe, Chunya ni mbali na kule atahitaji kuku. Mayai akaniachia kwenye ungo. Lori likaondoka na joto langu lote.

Nilibaki uani na mayai yapatayo ishirini, na baridi ikiingia. Moja lilikuwa limeshapata ufa mdogo. Nilijua kwamba kabla jua halijazama yatakuwa mawe. Niliyafunga kwa blanketi, nikakimbia kwa mama mkwe, na sikumbuki nilisema nini ila najua nilikuwa napiga kelele.

Mama mkwe aliogopa umeme kuliko simba. Nyumbani kwake swichi aliibonyeza kwa mti wa ufagio. Lakini alikuwa na moyo mkubwa, na kitu kingine ni kwamba alikuwa amewaambia wanawake wote wa kanisani kwamba mkwe wake atatotoa kuku kwa stimu. Aliingia ndani alikokuwa mumewe, mimi nikabaki nyuma ya nyumba nimeegemea ukuta, nikasikia kila neno.

"Gwe mzee," alisema, "wewe utakaa nje dirishani, umegeuka. Mimi nakaa mlangoni naona yote, nakwambia. Mimi ndiyo macho yako leo."

Kisha nikasikia kisanduku cheusi kinatolewa kabatini.

Tukajipanga hivi, nyumbani kwangu. Sanduku langu lilikuwa juu ya meza chumbani, karibu na dirisha, na swichi ya ukutani ilikuwa pale pale kando ya dirisha. Mama mkwe aliweka kigoda chake mlangoni, akaujaza mlango wote, kwa kuwa alikuwa mama wa kuonekana. Baba mkwe alikaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, amevaa lile koti lake zito la mitumba ya jeshi. Mume wangu alisimama uani katikati kama refa asiyejua mchezo. Nyaya za kipimo zilipitishwa dirishani, mama mkwe akaambiwa ashike kibanio na kukibana kwenye bati la sanduku, kingine kwenye mguu wa plagi.

Alishika. Ila alikishika mahali penyewe pa chuma, na mzee nje akazungusha.

Mama mkwe aliruka akakaa chini. Alijikagua vidole, akajikagua goti, akasema kwamba goti lililokuwa linamuuma tangu Pasaka halimuumi tena, na azungushiwe mara moja tena upande wa kushoto. Baba mkwe akakataa. Akasema kwa sauti ya karakana kwamba hiki si kitu cha kuchezea na vibanio vishikwe penye mpira. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa khanga yote, machozi yananitoka, na tumbo linaniuma kwa kicheko nilichokizuia.

Sindano ilisema sanduku ni zima. Hapavuji kitu. Nikaanza kushangilia moyoni, lakini mzee akakohoa na kusema imebaki nusu ya pili: mwenye kifaa akitumie.

Nikakitumia. Nilijua ninachofanya, au nilidhani najua, na kwa furaha nilikuwa nafanya kila kitu haraka na kwa madaha, kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Nilichomeka plagi, nikabonyeza swichi. Globu zikawaka, chumba kikawa cha dhahabu. Mama mkwe akasahau kazi yake, akabaki amefungua mdomo.

"Sema," ilisikika sauti ya nje.

"Zimewaka, mzee. Jamani, zinapendeza."

"Anafanya nini?"

"Anafungua mlango. Amechukua kopo la maji."

"Taa amezima?"

"Azime nini, zinawaka vizuri tu. Sasa anamimina. Anamimina kwenye bati, mengine yameruka juu, moshi umetoka kidogo. Mkono umelowa. Sasa anaingiza mkono..."

Sikuona alivyosimama. Niliona tu dirisha limejaa mtu. Kofia ilianguka ndani, kichwa kikaja, mabega yakaja, mkono mrefu ukapita mbele ya pua yangu bila kunigusa na kupiga swichi ukutani. Globu zikazimika. Mkono wangu uliolowa ulikuwa umebakiza upana wa kiganja kufikia bati.

"Zima kwanza," alisema. "Ndiyo uguse."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza baba mkwe wangu kuniambia tangu niolewe.

Tulikuwa tunatazamana. Nilikuwa kichwa wazi, khanga imenishuka mabegani. Nilitegemea kuona jitu la kutisha, na kumbe ni mtu mwenye masikio ya mume wangu, yaleyale yaliyochomoza, na macho yaliyojaa hofu. Hofu hiyo ilikuwa juu yangu. Niliitazama ile hofu nikaelewa kitu ambacho miaka yote ya kukimbia mitaroni sikuwa nimekielewa, kwamba mzee huyu ananipenda.

Kisha wote wawili tukakumbuka mila. Mimi nikajitupa uvunguni mwa kitanda. Yeye akafumba macho, akajaribu kurudi nje kinyumenyume, na mfuko wa koti ukanasa kwenye kitasa cha dirisha. Nusu ilikuwa kwetu, nusu nje. Akavuta, koti likakaza. Mume wangu akashika miguu ya baba yake akavuta naye, na mzee akasema kwa heshima, macho yamefumbwa, kwamba aache, anavunjika. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote na ningeweza kumnasua kwa kidole kimoja, lakini ndiye mtu pekee duniani niliyekatazwa. Uvunguni nilikuwa nimeuma ncha ya khanga. Mama mkwe hakuwa na faida yoyote, alikuwa ameanguka kutoka kigodani na anapiga sakafu kwa kiganja.

Baba mkwe, akining'inia hivyo, akajikusanyia hadhi yake. Akamwomba mkewe amwambie mkwe kwamba kifaa hakijapita.

"Mwambie mwenyewe," alijibu mama mkwe kutoka sakafuni. "Umeshamwona."

Hakuniambia. Alinasuliwa na mume wangu, mfuko ukichanika, akarudi chini ya dirisha na kukaa. Kutoka huko akaueleza ukuta wa nyumba yetu kwamba sanduku kavu ni salama na sanduku lenye mkono uliolowa ni kaburi. Maji yasiingizwe humo kwa mkono. Yatafutiwe njia yao. Mpaka hapo hapatawashwa.

Nilitoka uvunguni nikiwa na hasira na aibu, na katikati ya hasira kichwa kikafanya kazi. Nilimwambia mume wangu atafute faneli na mpira wa kupitishia maji, na seremala atoboe tundu ubavuni, chini, mbali na globu. Maji yatamiminwa nje yateremke kwenye sinia yenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Nje ya dirisha nikasikia mzee anaguna. Ilikuwa guno la kukubali, nililijua kwa sababu mume wangu anaguna hivyohivyo. Mume wangu akakimbia dukani.

Yakabaki mayai. Blanketi lilikuwa limepoa. Mama mkwe hakuuliza mtu: alitia mayai kifuani, mengine akayafungia kiunoni kwa kitenge, akakaa akijikunja. Mimi nikajaza yangu tumboni. Bado yakabaki, na mojawapo lilikuwa lile lenye ufa. Mama mkwe akachungulia dirishani, akamtazama mumewe na lile koti zito, na bila kusema kitu akaanza kumpitishia. Mzee alikataa kwa neno moja. Yai la pili lilipokuja alikuwa ameshafungua vifungo.

Nawaambieni, jirani wote walikuja. Mke wa dereva, yule wa kuku wa Kiingereza, alimkuta mpimaji wa umeme wa Mbeya, mzee wa kanisa, aliyemfanya Mzungu apige pasi, amekaa chini ya dirisha ameinua mikono kidogo kama kuku aliyetanua mabawa, mayai kwapani, mayai mifukoni, na amekataza mtu yeyote asimsogelee kwa kishindo. Alimuuliza kama anaatamia. Akajibu kwamba anasubiri faneli. Mke wa dereva akaketi uani na kuomba apewe mawili na yeye, na baada yake wengine wakaomba, mpaka hapakuwa na mwanamke kota nzima asiyekuwa na yai la Iringa kifuani. Tuliongea kwa kunong'ona na kucheka kwa pua tu, tusiyavunje.

Seremala akatoboa. Faneli ikakaa. Nikarudia kila kitu kwa kusema kwa sauti: nimefunga mlango, namimina nje, maji yanashuka, sijagusa. Mama mkwe akathibitisha. Tukasubiri kibati.

Kutoka nje mzee akasema hawezi. Sauti yake ilikuwa imechoka. Alisema amesikia tu, hajaona, na kwa kusikia tu leo angekuwa anachimba kaburi. Hawezi kupitisha mkono ambao hajauona. Wala hawezi kuuona.

Hapo kicheko kiliniisha chote. Jua lilikuwa limeshaegemea mlimani na ubaridi unapanda kutoka ardhini. Yai moja tumboni mwangu lililokuwa linagota lilikuwa limenyamaza. Nilikaa kitandani nikalia kwa sauti, nikijua ananisikia, na sikujali.

Kisha mzee akasema, "Ngoja."

Alisema tena, kwa sauti ndogo, tungoje, kuna kitu kinatembea. Tulitoka wote, mimi nikasimama nyuma ya mgongo wa mama mkwe. Alikuwa ameingiza mkono ndani ya koti taratibu sana. Ulipotoka, kiganjani mlikuwa na vipande vya ganda na kitu kilicholowa, kibaya, chenye shingo nyembamba, kinachopiga kelele kuliko umbo lake. Yule mtu mkali alikishika akakipulizia pumzi yake kikauke. Wanawake wakasahau kunong'ona.

Mama mkwe ndiye aliyekumbuka. Alimwambia mumewe kwamba ameshamwona mkwe usoni, hilo halirudi nyuma tena, na wazee hulimaliza jambo la namna hiyo kwa zawadi: baba mkwe anatoa kitu chake, anampa mkwe kwa mkono wake mbele ya watu, na tangu hapo wanasalimiana. Watu hawa hapa wamejaa. Atoe.

Mzee akajipapasa mifuko. Kulikuwa na mayai tu. Akakiangalia kile kifaranga.

Mama mkwe akasema haiwezekani, hicho ni cha mkwe mwenyewe, mtu hapewi kuku wake.

"Kimezaliwa kwenye koti langu," alisema baba mkwe, na alikuwa amerudia sauti yake ya karakana. "Joto ni langu. Kwa hiyo ni changu, na ninampa."

Mama mkwe akasogea pembeni, na mbele yangu hapakuwa na mgongo tena wala pa kukimbilia. Nilitoka nikiwa kichwa wazi, nikapiga goti, nikakinga mikono yote miwili. Vidole vyake viligusa vyangu. Vilikuwa vya moto.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Sasa kausha mikono, twende ukawashe."

Nilimpa mama mkwe kifaranga, nikajifuta kwa khanga kidole kimoja kimoja. Aliingia kwa mlango. Nikawasha, naye akaniangalia mpaka mwisho, kisha akatoa koleo la muhuri.